Kilichouzwa Hakirudi

Juu ya mizani, kwenye kipande cha boksi la majani ya chai,
mama aliandika kwa mkaa kabla sijazaliwa:
KILICHOUZWA HAKIRUDI.
Chini yake, kwa kalamu, mkono wa mtu mwingine:
na aliyekopa pia.

Hapo Langoni, duka upana wa mlango mmoja,
ndipo nilipojifunza kusema.
Ukwaju robo. Pilipili ya kusaga, kijiko. Maneno bure.
"Chema chajiuza," mama akisema,
akimtazama Lali akipita na mashati begani,
"kibaya chajitembeza."
Lali alisikia. Alishusha bei kabla ya kuulizwa.

Nilikuwa na maswali.
Kwa nini watu hununua ugomvi
na sijaona duka linalouuza?
Kwa nini hasara huliwa
na anayeila ndiye anayekonda?
Shekuwe jirani akisimama mlangoni, kajipaka mafuta,
wasema anauza sura.
Nikauliza: kilo ngapi?
Mama alicheka hadi akamwaga bizari.

Jumamosi ile Wiyoni walitufunga dakika ya mwisho.
Kipa alikuwa kaka yangu, Swabiri.
Mpira ulikuja polepole kama mtu anayeuliza njia,
ukampita katikati ya miguu.
Magharibi haijaadhiniwa, mji una neno:
ameuza.
Ameuza mechi.
Neno lile lile la ukwaju na bizari,
sasa lina mwiba wa samaki ndani.

Mama hakufunga duka.
Alichukua mizani, akaibeba hadi barazani,
akaitua kati ya vikombe vya kahawa.
"Haya. Mwanangu kauza. Mnunuzi nani?
Katoa ngapi? Wekeni hapa tuone uzito."
Mtu mmoja akakohoa.
"Hamna? Basi ugomvi huu nanunua mimi,
wote, kwa jumla. Sitaki wa rejareja."
Akaenda baraza ya pili, akaenda ya tatu.
Alirudi baada ya isha, mizani kwapani, sahani tupu.

Miezi mitatu wateja walipitia upande wa pili wa ujia.
Daftari nilikuwa naandika mimi:
leo ukwaju, hakuna. Bizari, robo. Chumvi, wa mkopo.
Mama aliila hasara ile kimya
kama mtu aliyefunga na hataki ijulikane.

Mimi ndiye niliyeziona.
Njumu, mpya, kwenye gunia la tende zilizooza,
nyayo zake hazijakanyaga hata mchanga.
Sikusema kitu. Niliziweka kwenye mizani mbele yake.
Sahani ikashuka.
Mama akapanga mawe upande wa pili, moja moja, bila haraka.
"Robo tatu na kitu," akasema.
"Kumbe ndiyo bei."

Swabiri alikuwa amesimama nyuma yetu na kopo la maji.
"Sijazivaa," akasema. "Kila nikijaribu zinabana."
Mama akamwambia: "Ndoo. Shika jiwe hili."
Akalishika. Hakujua alipeleke wapi.

Kesho yake, mchana kweupe, mama akarudi barazani,
njumu zimening'inia mkononi kwa kamba zake.
"Nimekuja kurudisha ugomvi.
Niliununua bila kufungua."
Hakuna aliyekohoa safari hii.
Hatimaye Lali, shati la kijani limemwangukia gotini:
"Bi Mwanatumu, lakini dukani kwako pameandikwa..."
"Najua. Niliandika mimi.
Nilidhani naandikia wateja."

Wakamsogezea kahawa.
Hakuikataa, hakuinywa. Aliuliza bei yake.

Boksi bado lipo, mkaa umefifia, nukta ya nzi juu ya R.
Siku hizi Swabiri ndiye anayepima.
Robo ikitimia huongeza kidogo kwa ncha za vidole,
kila mteja, hata mtoto aliyetumwa,
hata Lali.
Nyongeza ile mama anaiona.
Hajaniambia niiandike.