Athi

Sisi mafundi wa stima huuita athi,
si mto ule upitao Kitengela na povu lake,
ni waya wa kijani wenye mstari wa manjano,
waya usio na kazi siku zote za maisha yake
ila siku moja.

Saa moja kasorobo, Lavington. Baridi ya Julai.
Bi Mwende anatembea peku kwenye nyasi,
kutoka mparachichi hadi ukuta,
kutoka ukuta hadi mparachichi,
gauni la kulalia limelowa umande hadi magotini.
Tangu amzike mumewe hajui usingizi;
mtu fulani kamwambia: dakika arobaini kila alfajiri,
ngozi kwa udongo, usiweke kitu katikati.

Mimi kaniita kwa ajili ya bomba la bafuni.
Linamtekenya.
“Linakutekenya vipi?”
“Kama sisimizi, Kerubo. Sisimizi wenye haraka.”

Nyuma ya jikoni nondo ya shaba haipo.
Wauza vyuma chakavu wameing'oa, limebaki tundu,
na waya wa kijani unaning'inia hewani
kama mkono uliompungia mtu
aliyekwisha kupita.

Nyumba nzima haijagusa chini tangu Machi.
Mwenye nyumba tu ndiye agusaye, kwa nyayo mbili.

“Vua buti, binti. Udongo hufyonza.
Mimi hutoka na kichwa kama gunia la chumvi,
nikirudi ndani nimebaki na gunia.”
Nikamwambia fundi havui.
Sikumwambia la Mogaka.

Mogaka kaka yangu, Mukuru, chumba cha mabati,
stima ya kuunganishiwa usiku juu ya paa,
Aprili, mvua imeingia ndani bila kubisha,
akashika birika la umeme, yu peku.
Umeme ulikuwa ukitafuta njia ya kwenda chini,
ukamkuta amesimama, mlango wazi.
Umeme hauna chuki na mtu. Unataka kwenda kwao.
Hivyo ndivyo tulivyofundishwa chuoni mwaka uliofuata,
nami nikatoka darasani
nikahesabu vigae vya ukumbini mpaka kengele.

Tangu hapo nalala na soksi.

Basi nikapigilia nondo mpya, futi sita,
udongo mweusi wa mfinyanzi ukigoma, ukigoma,
halafu ukikubali ghafla, kama mama mkwe.
Nikamwaga maji ya chumvi. Nikabana waya. Nikapima.
“Sasa?” akauliza.
“Sasa nyumba imevua viatu.”
Akacheka, akashtuka kwa kucheka kwake.

Kama udongo hufyonza majonzi, sijui.
Kipimo changu hakina mshale wa hilo.
Lakini nilizima swichi kuu,
nikarudi nikahakikisha nimeizima,
nikaketi kwenye ngazi ya jikoni nikalegeza kamba.
Magaga ya visigino vyangu yakaonekana mchana kweupe.
Nyasi zilikuwa baridi hata nikatukana kwa Kigusii,
na siafu mmoja, sijui wa nani, akaniuma kidole cha mwisho.

Nilisimama.
Hapakuwa na kutetemeka, hapakuwa na kufyonzwa.
Kulikuwa na kubebwa tu, kilo sitini na tatu,
bila kuulizwa nimetoka wapi.
Ndani, friji lilikuwa kimya.
Ndege mmoja alilalamika juu ya mparachichi.
Nikamwita Mogaka, si kwa sauti,
kwa vidole vya miguu, nikivikunja udongoni
kama tulivyokuwa tukifanya kisimani Nyamache
tukishindana nani atazama kwanza.

Bi Mwende alitazama kwingine. Akaokota jani,
akalitupa, akaokota lile lile.

Nikavaa. Nikawasha. Alinilipa kwa simu,
akaongeza mia mbili na parachichi tatu ngumu.
Langoni nikahisi tope ndani ya buti la kushoto,
punje chache, chini ya kisigino.
Nilikuwa na kazi nyingine Kawangware saa nne.
Nikaenda nazo.