Foleni ya Pasipoti

Ukitaka kumjua mtu, walisema, mle naye gunia la chumvi.
Mimi nina presha, na likizo ya siku tisa.
Kwa hiyo niliwaita wote wanne
Nyayo House, saa kumi na moja na robo alfajiri,
Kenyatta Avenue bado inafagiliwa,
tukapange foleni ya pasipoti.

Sikuwaambia ni mtihani.

Okeyo alifika saa mbili kasorobo.
"Niko karibu," aliniambia kwenye simu,
na nyuma ya sauti yake maji yalimwagika kwenye karai.
Karibu na nini, Okeyo? Na sabuni?
Basi la Lusaka halimngoji anayejisugua mgongo.
Akaagiza chai na mandazi mawili,
akajipapasa mifuko kama anayetafuta kiroboto,
"Lipa tu, nitakutumia."
Hiyo *nitakutumia* naifahamu.
Nina tatu za mwaka jana, hazijafika bado.

Ndunge aliwahi, namshukuru,
ila aliwahi na mikoba mitatu,
na kila mmoja ulipomchosha ukawa wangu.
"Nishikie kidogo."
Kidogo cha Ndunge kina uzito wa jiwe la kusagia.
Mlikuwa na chupa ya uji, mto wa shingo,
viatu vya akiba, mwavuli wa shemeji yake.
Cheti cha kuzaliwa hamkuwa.

Na Mghoi, aliyekuja kubadilisha pasipoti ya zamani,
alitusomesha Addis.
Addis foleni haziko hivi.
Addis kahawa, wacha tu.
Addis hata askari wananukia.
Kufika saa nne nilishajua ukweli:
alibadilisha ndege pale, saa tatu na nusu,
hakuvuka mlango wa kioo.

Halafu mtambo ukalala.
Dada wa dirishani akageuza kiti, akatupa kisogo.
Okeyo akatukana serikali, Ndunge akalia njaa juu ya uji wake,
Mghoi akafungua mdomo, nikasema, "Tafadhali."

Karwitha alikuwa ameketi sakafuni
juu ya gazeti la Jumanne.
Alirarua kurasa za michezo, akanitandikia.
Akavunja hindi la kuchemsha katikati,
hakutangaza kwamba anagawa.
Kisha, polepole: "Naenda chooni sasa.
Nikirudi, nenda wewe. Nitakushikia nafasi."

Karibu nitokwe na machozi.
Mtu anayekumbuka kwamba nami nina kibofu!
Huyu naweza kuvuka naye Tunduma usiku,
huyu hata chumba kikiwa na kitanda kimoja
na dirisha lisilofungika.

Saa saba tukatoka, jua limesimama wima juu ya lami.
Nikamvuta kando, karibu na wang'arisha viatu.
"Wewe umepita," nikamwambia. "Twende wawili."

Akalikunja gazeti, mara mbili, mara nne.
"Umetazama saa mara arubaini na moja.
Nilihesabu, sikuwa na kazi nyingine.
Umemfundisha yule dada kupanga faili zake.
Mzee wa watu kasema *pasipoti yake*,
ukamkatiza umwambie kuna neno *pasi*.
Na ukinyamaza,
unapumua kwa mdomo."

Hakusema kwa ubaya. Alisema
kama mtu anayesoma bei.
"Nitafikiria," akasema, akavuka barabara,
na sikuwahi kufikiri, asubuhi nzima,
kwamba ile foleni ilikuwa na macho pande zote.

Leo ni Alhamisi. Niko Umoja, ghorofa ya tatu.
Okeyo ametuma shilingi hamsini, ajabu.
Karwitha bado.
Begi langu liko mlangoni, jepesi, limefungwa,
saa nimeifungia kabatini,
nami nimeketi kitandani
najizoeza pua.