Kupepeta Usiku

Saa nane na robo, Mtumba.
Mashine inaandika mbili na robo,
seva inaandika kumi na moja na robo ya jana,
na mimi, Sechelela, nimekaa katikati ya saa tatu zisizoamkiana
na chupa ya chai isiyo na chai.

Faili la viwanja vya Nala limeganda tena.
Halikufutika, halikuharibika. Limeganda,
kama mtu aliyeitwa kwa jina kutoka mlangoni
akasimama na kiatu kimoja.
Ofisi tano zinalisoma kwa pamoja,
lakini lenyewe limelala vipande vipande,
kipande Iyumbu, kipande Kikuyu, kingine sijui,
na mteja wake, programu iliyojificha ndani ya kiini,
ndiye anayewaapia watu kwamba vyote ni kimoja.
Leo ameshindwa kuapa.

Nikawasha ufuatiliaji wote. Usifanye hivi mchana:
mashine inayojieleza kila hatua haifiki.
Feni zikapanda. Na ile kumbukumbu ya kiini,
niwaambie msioijua, ni duara;
ikijaa inarudi mwanzo, inaandika juu ya yaliyoandikwa,
haiulizi.
Una dakika mbili, labda tatu.

Nikamwaga.

Mistari laki nne na ushee,
kama gunia la uwele lililoachia mshono
juu ya jamvi la bibi yangu kule Mvumi,
kila punje na namba yake, kila punje na sekunde yake
mpaka tarakimu sita baada ya nukta.
Bibi hakupepeta usiku. Alisema upepo wa usiku
hauchagui, unabeba punje unakuachia makapi.
Nisamehe, bibi. Ungo wangu una taa.

Nikatoa za salamu: upo? nipo. upo? nipo.
Hizo peke yake nusu gunia.
Nikatoa za kuhesabu nafasi,
za mtandao unaojisifu.
Ikabaki sahani moja, nikaisoma kwa kidole,
na mteja, aliyelaumiwa wiki nzima, alikuwa akisema hivi
kwa lugha yake kavu ambayo naitafsiri vibaya:

    Ombi langu nimetuma,
    natazama mbele, nyuma,
    mwenye kufuli kagoma,
    nami bado nangojea.

Sekunde saba alingojea. Ya nane
seva ikamwandika marehemu,
ikamnyang'anya kufuli,
na alipobisha tena, akiwa hai,
akaulizwa: wewe nani?

Saba. Kwa nini saba?
Kawaida ni mia moja.
Nikafungua mipangilio, mstari wa hamsini na moja.
Saba. Na pembeni herufi za aliyebadilisha, S.C.,
tarehe kumi na tisa Machi, siku ile simu zilinichosha,
watu wakilalama kwamba seva inasubiri wafu.

Vumbi la Mtumba lina njia yake ya kuingia
hata chumba kisicho na dirisha.
Nilipangusa kioo. Halikuwa kwenye kioo.

Wiki nzima tulisema ni mashine ya Nhonya.
Nhonya huchomeka vitu vyake, Nhonya hajui,
Nhonya arudishwe Kongwa.
Jumatatu aliandika barua ya kujieleza, kurasa mbili,
hakuna aliyemjibu.
Alhamisi kadi yake ikakataa kufungua geti.

Nikarudisha mia moja. Faili likashusha pumzi,
viwanja vya Nala vikajitokeza
kimoja kimoja, na mawe yao ya mipaka.
Ile sahani nikaihifadhi, nikaipa jina la tarehe.
Makapi pia sikuyafuta.

Saa kumi kasoro nikampigia.
Ikaita. Ikaita.
Nikajikuta nahesabu, na nilipofika saba
sikukata.