Shahidi wa Plasta

Ntakwinja, nakusikia.
Tangu alfajiri unachimba chini ya jiko langu,
na kila sululu inapoingia
sahani zangu zinagonganisha meno.

Huku Cimpunda hakuna anayejenga kando ya mwenzake.
Tunajenga juu ya mtu, chini ya mtu:
bati lako ni kizingiti changu,
maji yangu ya kuoshea vyungu ni mvua yako.
Na kati yetu ukuta mmoja,
mawe ambayo baba mkwe wangu na baba yako
waliyapandisha mgongoni kutoka barabarani.
Karatasi ya parsele inasema: mpaka, ukuta.
Kisha nukta.
Haisemi nani alibeba mawe mengi.

Methali nayo inasema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Haisemi ufa wa nani.
Haisemi nani anunue simenti.

Basi nikavaa kitenge cha kanisani, nikaenda ofisini kuuliza.
Karani alikuwa na kalamu mbili, moja haiandiki.
Aliniambia bila kuniangalia:
ukuta wa wawili ni wa wawili mpaka kwenye msingi.
Anayetaka kuchimba amjulishe mwenzake kwanza, kwa maandishi.
Asishuke chini ya msingi kabla hajauegemeza.
Boriti yake iingie nusu ya unene, isitoboe.
Maji ya bati lake yaangukie kwake.
Na dirisha?
Dirisha halitazami ua wa mtu
mpaka mtu huyo akubali.
Nikazifunga sheria hizo kwenye pindo la kitenge pamoja na nauli;
nilipofika nyumbani zilikuwa zimelowa jasho
na ufa umefika kwenye picha ya harusi.

Fundi Cishugi hapendi kugombana na mtu.
Alikoroga plasta ndani ya kopo la maziwa,
akaibandika juu ya ufa, ndogo kama kiganja cha mtoto,
akaandika tarehe kwa penseli.
"Huyu ni shahidi," alisema.
"Ukuta ukitulia, atanyamaza. Ukitembea, atavunjika.
Hapokei rushwa. Hana ukoo."

Siku tisa alinyamaza.
Ya kumi mvua ilishuka mlimani na tope na viatu vya watu,
na usiku, kati ya radi mbili, nikamsikia:
tak.
Mlio mdogo. Kama mtu anayevunja yai kwa adabu.

Sikuja kwako na shefu wa avenyu.
Nilikuja na vipande viwili mkononi.
Ulitoka na tochi mdomoni, suruali imekunjwa magotini,
ukavitazama, ukajaribu kuvipatanisha, vikakataa.
Ukasema, "Mama Nsimire, nilidhani unalalamikia kelele."
Nikasema, "Ni kelele. Sikiliza."

Miti sita ya mikaratusi tuliegemeza usiku ule,
wewe ukigonga, mimi nikishika taa,
na nisitaje ulivyonikanyaga kidole.
Simenti: mifuko minne wewe, mmoja mimi,
maana aliyechimba ndiye anayejaza.
Hilo karani hakulisema.
Nimelisema mimi, na nukta nimeiweka mimi.

Limebaki dirisha.
Ghorofa yako imefika usawa wa kamba yangu ya nguo
na unaomba dogo tu, la juu, upande wangu.
Nina haki ya kusema hapana.
Lakini ukuta huu umenizoesha vibaya:
mwanao akikohoa usiku, mimi huamka kabla yako.
Nakijua kikohozi chake, cha moshi kwanza, kisha cha unyevu.
Chumba anacholala leo kimeegemea udongo mtupu,
hakina pa kuvutia pumzi.

Lete karatasi. Andika: dirisha moja,
juu ya kimo cha mtu, kwa hisani, si kwa haki.
Tia sahihi. Nami nitatia.
Kisha panda uje umwone shahidi mpya,
tarehe tatu Novemba, penseli,
mzima.
Asubuhi nimempitishia kidole.
Hana la kusema.