Milimita Mbili na Ushei

Tsiala hauzi ringi kabla hajaisoma kwa kidole.
Huilaza kifudifudi juu ya gunia,
hulowesha kitambaa kwa petroli,
husugua unga wa breki, mweusi kama masizi,
hadi herufi zichomoze nyuma ya ubavu wa aluminiamu.
"Soma," ananiambia. Mimi, wiki ya pili kazini,
soko la vipuri la Kutaisi, ukungu wa Februari hadi magotini.

Saba, J, kumi na sita.
Saba ni upana kwa inchi, mdomo hadi mdomo.
J ni jinsi huo mdomo ulivyojikunja.
Kumi na sita ni kipenyo: tairi la kumi na saba hapa litapwaya
kama koti la marehemu.
H mbili, vinundu viwili vya kulizuia tairi lisichopoke konani.
ET arobaini na tano...
Hapo nikakwama.
"Uso wa ringi umekaa mbali kiasi gani na katikati yake.
Ikizidi, gurudumu litajificha ndani, lisugue chuma.
Ikipungua, litatokeza kama kitambi cha mwongoza karamu."
Tundu la katikati yeye huliita kitovu,
na kitovu, anasema, hakiazimwi.

Akaja Jumberi, gari lake la Kijerumani,
macho kwenye ringi za Kijapani zinazometa kama meno ya bandia.
"Boliti tano, matundu matano. Nifungie."
Kidole kikashuka: tano mara mia moja kumi na nne nukta tatu.
"Yako ni mia moja kumi na mbili."
"Milimita mbili na ushei! Kucha yangu yazidi hapo."
"Basi ilete hiyo kucha tuifunge."
Hakuwa anatania.

Murtazi, mumewe, aliwahi kufunga za namna hiyo,
kwa kuwa zilikaribia.
Boliti ziliingia zimeinama, kama wanaosali bila imani.
Mteremko wa Rikoti, gurudumu la kushoto
likampita dereva wake,
likavunja pembe ya ng'ombe, likalala mtoni.
Dereva yu hai. Ng'ombe alipona.
Murtazi hakushika spana tena.

Jumberi alipogeuka, Tsiala alimfuata,
akaandika 112 kwenye mvuke wa kioo cha gari.
Akaifuta kwa kiwiko.

Kibanda cha tatu walimkubalia.
Mimi nilikuwa nasugua ringi nyingine, kichwa chini.
Spana ililia kule, ikanyamaza, ikalia.
Tsiala alizihesabu zote tano.