Kamera Isiyo na Kioo

Miaka kumi na mmoja bega langu la kulia
limekaa chini ya la kushoto.
Aliyeniambia kwanza si daktari,
ni fundi wa mabuibui pale Kibokoni:
"Upande mmoja umelala, Batuli.
Nikikukatia sawasawa, utaburura pindo."

Nikaipima kamera kwa mizani ya Swabiri, muuza nyama:
mwili, lenzi ndefu, betri, na ule ukanda
ulioota chunyu ya jasho langu.
Kilo mbili na robo.
"Ingekuwa mbuzi," akasema, "ningekutoza elfu mbili."

Kazi yangu ni usiku wa kupamba.
Ukumbi wa wanawake watupu,
simu zimekusanywa kapuni mlangoni,
mabuibui yanajaa misumarini,
na mimi peke yangu nimeaminiwa jicho.
Napanda kiti, napiga goti, narudi kinyumenyume
hadi kwenye chetezo cha udi,
na lile dude linagonga: kacha! kacha!
Walizoea. Bibi harusi akiusikia mlio
hushusha pumzi
kama mtu aliyekwisha kudungwa sindano.

Tumboni mwake lilikuwa na kioo.
Nuru huingia, hugonga kioo, hupanda jichoni mwangu.
Nikibonyeza, kioo huruka kuipisha,
na kwa kufumba na kufumbua
sioni kitu.
Basi fikirini: machozi ya mama zao,
kope za bandia zikibanduka, vicheko vya mashangazi,
picha zote hizo zilipita nikiwa kipofu.
Nimeishi kwa kubahatisha, nikaitwa hodari.

Shaabani, harusi zikigombania siku kabla ya mfungo,
mkono ukagoma.
Ganzi ilianza kidole cha mwisho, ikapanda hadi kiwikoni.
Nikailaza kamera juu ya meza, ubavuni pa sinia ya halua,
nikajifanya natafuta kadi.

Jitesh akafungua boksi.
"Hii haina kioo, dada."
Ndogo kama pakiti ya majani ya chai.
Nikaona nimetukanwa.
Nikachungulia: mtaa mzima
ulikuwa umekwisha kuwa picha.
Ile ya zamani ilinionyesha mwanga wenyewe,
ule ule uliotoka kugusa ukuta.
Hii inanisimulia.
Upesi, wala haikosei,
lakini inasimulia.

Nikainunua. Bega halina falsafa.

Lenzi kongwe nimeivisha pete ya chuma
ili ikubali nyumba mpya.
Betri huisha kabla ya biriani.

Harusi ya kwanza ilikuwa Kuze, ya Umulkheri.
Akakaza shingo, akangoja. Akangoja.
"Bado?"
"Nimeshapiga ishirini."
"Mbona sikusikia?"
Bibi yake akanitolea jicho toka kochini:
"Picha gani hizi za kuibiwa?"
Ikanibidi niuwashe mlio wa bandia,
kacha ya kuigiza, kacha ya kasuku,
ndipo mtoto akapumua.

Saa nane usiku nikauzima.
Wageni walikuwa wametawanyika, maua ya asumini yamekanyagwa.
Mama mtu alikuwa sakafuni akimvua binti viatu,
akaushika ule mguu wenye hina
akaupima kwa shubiri yake,
kisha akaupima tena.
Nilipiga. Hakuna aliyegeuka.
Na safari hii hapakuwa na giza la katikati:
nilimwona tangu alipoinama
hadi alipojifuta uso kwa upindo wa leso,
yote, bila kupepesa,
na sijui bado kama nilistahili.
Picha hiyo sijawapa.

Ile kubwa nilimwachia mpwa wangu Twaibu,
hupiga wageni wa Jumapili kule Mama Ngina.
Nikipita jioni na mihogo yangu mkononi
huisikia kabla sijamwona:
kacha!
Na bega la kulia, lisilobeba kitu,
linashuka lenyewe.