Mzunguko wa Kumi na Tisa

Kinyama kidogo kuliko punje ya mtama
kimetoka katika tezi dume ya mbwa aitwaye Fiete,
miaka kumi na moja, manyoya rangi ya chai ya maziwa,
wa Bwana Tjarks, fundi saa mstaafu wa mtaa wa Linden.
Nimekisaga, nimekiosha, nimekikamua ujumbe wake
kama mtu anayebana ndimu kavu.

Nje, Hannover imeganda.
Ndani, mashine inahesabu:
joto linapanda, linashuka, linapanda,
nakala zinazaa nakala,
nami nasubiri na kikombe kilichopoa
jeni ipi itakayosema kwanza.

Maana jeni zote zimo katika kila seli,
za jicho zimo kwenye ini, za ini kwenye ukucha,
ila nyingi zimefumba mdomo.
Kazi yangu ni ya mmbeya:
nani anapiga kelele usiku huu,
nani aliyepaswa kuongea amenyamaza.

Mzunguko wa kumi na tisa. Mstari wa kijani unainuka.
Keratini ya saba.
Mapema mno! Katika tezi ya mbwa mzima
ingenong'ona tu, tena baadaye sana.
Kwenye wa thelathini na sita, kwa aibu,
kipokezi cha homoni ya kiume kinakohoa mara moja.
Basi.

Lisemwalo lipo,
na kama halipo laja.
Kwa Fiete limekwisha kuja, limevua viatu, limeketi.

Asubuhi Bwana Tjarks hakuuliza habari za mistari.
Alisema: "Lakini tulimhasi akiwa na mwaka mmoja.
Nilidhani mlango huo nimeufunga."
Daktari Uphoff akatazama meza.
Saratani hii haikuhitaji mlango huo;
ningemwambiaje mtu aliyeshika kofia kwa mikono miwili?

"Kwenye mti mmoja alisimama mara tatu," akaendelea,
"mguu juu, matone mawili,
akinitazama kama aliyesahau jina la mtu.
Nikamcheka."
Kisha, akiichezea kamba ya mbwa:
"Na mimi huamka mara nne usiku."

Nilitaka kusema: ng'ombe hawaugui hivi, paka ni kwa nadra,
ila nyinyi wawili, mliogawana kochi na soseji
na kipande kimoja cha jua dirishani,
mmegawana na hili pia, pengine.
Pengine. Sijaipima damu yako, mzee.
Mashine yangu haikujui.

Nikaandika namba ya kliniki ya watu
nyuma ya fomu ya mbwa.
Akaikunja mara nne, pembe kwa pembe,
kwa vidole vilivyozoea skrubu zisizoonekana,
akaitia mfukoni penye makombo ya biskuti.

Chini ya kiti, Fiete akainua pua.